Mradi wa video S2 Kiswahili: wanafunzi 72, simu 3, kompyuta 10. Nianzie wapi?

Mwl_Mbale

Habari za kazi, walimu wenzangu.

Nina S2 (kidato cha pili, hapa Uganda) ya Kiswahili yenye wanafunzi 72. Muhula ujao nataka kila kikundi kitoe video ya dakika 3 inayoeleza jinsi kitu fulani kinavyotengenezwa, yote kwa Kiswahili. Mada ya kwanza niliyofikiria ni rolex (chapati iliyokunjwa na mayai ya kukaanga), maana kibanda kiko nje ya geti na hakuna mtoto asiyekijua.

Vifaa: simu 3 za Android, zote za walimu (wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni), kompyuta 10 za maabara zenye RAM ya GB 4, projekta ya zamani yenye tundu la VGA peke yake, na umeme unaokatika wakati wowote.

Maswali yangu: vikundi vingapi na vipindi vingapi? Sauti je? Kipande cha majaribio kilichorekodiwa kibandani kina kelele za mafuta na bodaboda tu, msemaji hasikiki. Programu gani ya kuhariri itakubali kwenye kompyuta hizo? Na alama nizigawe vipi ili wawili wasibebe wanne?

Bi_Mwalimu_Arua

Mwalimu, tuanze na hesabu. 72 kwa 6 ni vikundi 12. Usizidishe sita. Mtu wa saba hana kazi ila kusimama nyuma ya msemaji akichekesha wenzake. Kazi sita ni hizi: mwongozaji, mwandishi wa mswada, mpiga picha, mtu wa sauti, mhariri, na mtunza daftari. Huyu wa mwisho wengi humsahau, na ndiye anayeokoa saa nzima ya kuhariri: anaandika kila kipande namba yake, kimechukua sekunde ngapi, kinafaa au hakifai. "Kipande 4, mara ya 3, sekunde 8, kinafaa." Basi.

Vipindi ni 9 vya dakika 40: viwili vya mswada, kimoja cha kuchora picha, viwili vya kurekodi picha, viwili vya kuhariri, viwili vya kutazama. Usijaribu kutazama zote kwa kipindi kimoja. Video 12 za dakika 3 ni dakika 36, na bado hujawasha projekta. Sauti ya msimulizi irekodiwe nje ya vipindi, jioni, simu moja inatosha.

Kwa kurekodi picha una dakika 80 na simu 3, kwa hiyo kila simu inapokea vikundi 4, kila kimoja dakika 20. Zinatosha ikiwa orodha ya vipande iko mkononi. Zisipotosha, tatizo si simu, ni mswada.

Ndiyo maana sheria ya kwanza ni kwamba kamera haiguswi mpaka mswada upigwe sahihi. Karatasi igawanywe kwa mstari katikati: kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Kwa usomaji wa wanafunzi kadiria maneno 100 kwa dakika, halafu uwape ukomo wa 250 kwa dakika zote 3, ili picha nayo ipate nafasi ya kupumua. Kisha soma pande zote mbili pamoja. Kushoto pakiwa "mkono unavunja yai" na kulia "sasa anavunja yai", futa kulia; mtazamaji ana macho. Kulia pawe na kile ambacho jicho halikioni: "Nyanya huachwa mbichi mpaka mwisho, kwa kuwa maji yake hulegeza yai."

Hapo ndipo Kiswahili chenyewe kinapofanya kazi. Rolex moja imebeba ngeli nyingi kuliko ukurasa mzima wa mazoezi: kitunguu, mayai, chapati, mafuta, unga, mwiko wa kukaangia. Mswada wa kwanza utakuja na "kitunguu inakatwa, mayai inavunjwa". Usirekebishe wewe. Pigia mstari tu, urudishe kikundini. Baadaye ongeza mfululizo wa maelekezo: "Chukua mayai mawili, uyavunje, uyakoroge, uyatie chumvi." Hapo amepita kutoka amri hadi dhamira tegemezi, na kiambishi cha mtendwa amekitumia mara tatu, bila kukariri jedwali. Na kwa wanaotoka kwenye Luganda, mtu wa sauti asikilize kama wanasema "kula" badala ya "kura". Arudishe kipande. Kosa la matamshi likisikika kwenye spika mbele ya darasa, halisahauliki.

Jambo jingine: vikundi 12 kwenye kibanda kimoja vitamfukuzia mama wateja. Rolex vipe vikundi viwili, vingine vichukue malewa (machipukizi ya mianzi), kukausha kahawa, kuziba pancha ya baiskeli, kusuka mkeka. Mbale huwezi kukosa mada.

Sauti_Kwanza

Nitajibu la sauti tu, kwa sababu ndilo linaloua miradi hii. Picha yenye ukungu watu wataivumilia. Sauti isiyosikika hakuna anayeivumilia hata nusu dakika.

Kosa la kipande chenu cha kibandani ni umbali. Simu iko mita 2 kutoka kwa msemaji, na sufuria iko katikati. Ukizidisha umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayofika kwenye maiki inabaki robo. Msemaji akiwa sentimita 20 kutoka kwenye maiki, mafuta yenyewe yatabaki kuwa mbali. Kwa hiyo tenganisheni kazi. Kibandani mnachukua picha pamoja na sauti ya mahali: sekunde 30 za mafuta yanayolia, bila mtu kusema neno. Maelezo yanarekodiwa siku nyingine, mahali pengine.

Mahali pazuri kuliko pote shuleni kwenu ni bwenini. Sisemi mzaha. Darasa tupu lenye kuta za saruji na mabati juu linarudisha sauti kama kisima. Bweni lina magodoro. Simamisha magodoro mawili kwa pembe, kama kitabu kilichofunguliwa nusu, msomaji aelekee ndani ya ile pembe, blanketi moja mgongoni. Shule ya kutwa itumie stoo yenye magunia au mapazia.

Simu iwekwe chini kidogo ya kidevu na pembeni, sentimita 15 hadi 20, isielekee mdomoni moja kwa moja, la sivyo kila "p" na "b" itapiga kama ngumi. Mkiwa na kipaza sauti cha waya wa sikioni, kibane kwenye kola, lakini hakikisheni hakigusi kitambaa. Mkwaruzo wa sweta hauondoki kwa programu yoyote. Upepo ukiwapo nje, kivike kipande cha sponji au soksi safi.

Mvua. Mabati yakipigwa na mvua hakuna mjadala, acheni. Muhula wa kwanza na wa tatu mvua za mchana ni nyingi, kwa hiyo rekodini asubuhi au usiku baada ya prepu.

Simu iwe kwenye hali ya ndege kabla ya kubonyeza kurekodi. Simu ikiingia katikati, simu nyingine husimamisha rekodi papo hapo, na nyingine huachia mlio ndani ya sentensi nzuri kuliko zote. Rekodi iliyokatika ghafla chaji ikiisha huweza kukataa kabisa kufunguka, kwa kuwa faili halikufungwa. Msianze kurekodi na chaji chini ya asilimia 30.

Msomaji akikosea asianze upya kutoka juu. Anyamaze sekunde 2, arudie sentensi ile tu. Kimya hicho mhariri atakiona kwa macho kwenye mchoro wa sauti.

Kwenye kuhariri, msimulizi afike kilele karibu na -6 dB, na sauti ya mahali ikae chini yake, karibu na -25 dB. Mafuta yasikike kama mafuta yaliyo mbali. Muziki nisingeuweka. Wakiutaka sana, wapige ngoma au waimbe wenyewe. Wimbo wa mtu mwingine una mwenyewe, na siku mtakapotaka kuipandisha video mtandaoni utawaletea shida.

Maabara_ya_Chini

Mwalimu, kompyuta za GB 4 zinatosha ukizibembeleza. Mimi ningetumia Kdenlive, ni ya bure na haibandiki nembo yake kwenye video. OpenShot nayo ni bure na ni rahisi kwa mgeni. Programu nyingi za bure za simu huacha nembo au kipande cha tangazo mwishoni, tena ungewanyima wengine hizo simu 3.

Utaratibu wangu ni huu.

Kabla ya kurekodi, ingia mipangilio ya kamera. Chagua 720p, fremu 30. Usidanganywe na 1080p. Kwenye projekta ya zamani hakuna atakayeona tofauti, ila kompyuta zitaiona. Dakika moja ya 1080p huchukua karibu MB 130, ya 720p karibu nusu yake. Ukimpa kila kikundi ukomo wa dakika 10 za video ghafi, vikundi 12 ni dakika 120, kama GB 7 au 8. Kadi ya GB 32 inabeba zote na nafasi inabaki. Kama simu ina chaguo la kubana video kwa H.265 au HEVC, lizime, utumie H.264. Faili la H.265 ni dogo lakini kompyuta kuukuu hukwama nalo: picha inasimama, sauti inaendelea.

Simu zote zishikwe kwa upana. Futa lenzi kwa kitambaa. Alama ya kidole yenye mafuta ya chapati ndiyo huleta ule ukungu mweupe. Usimweke msemaji mbele ya dirisha, atageuka kivuli. Mgeuze alitazame dirisha. Bonyeza usoni kwenye kioo na ushikilie mpaka simu ifunge mwanga na fokasi, hasa ukiwa na sufuria inayong'aa au ukuta mweupe nyuma, kwa sababu kamera huufuata ule weupe na kuzitia giza nyuso zetu. Chini ya taa za tyubu zikimetameta, tafuta mpangilio wa kuzuia kumetameta, weka 50 Hz, ndiyo ya umeme wetu.

Kuhamisha: waya wa USB, si WhatsApp. WhatsApp huibana video mpaka inabaki maji. Nakili folda nzima, fungua vipande vitatu vinne kwa VLC uhakikishe vinacheza mpaka mwisho, ndipo ufute kwenye simu. Si kabla.

Majina ya faili yakae hivi: S2_K07_04_3.mp4, yaani kikundi cha 7, kipande cha 4, mara ya 3. Yalingane na daftari alilolitaja Bi Mwalimu. Kila kikundi folda moja, na mradi wa Kdenlive uhifadhiwe ndani ya folda hiyohiyo. Kosa linalorudi kila muhula: mtoto anachukua vipande kutoka kwenye flashi, anahariri, anachomoa flashi, na kesho yake mradi unafunguka ukiwa mweusi mtupu wenye alama za faili zilizopotea. Programu haiweki video ndani ya mradi, inaweka anwani yake tu.

Washa nakala nyepesi (proxy) kwenye mipangilio ya mradi. Kompyuta inatengeneza vivuli vidogo vya kuhariria, na mwishoni inatumia zile halisi. Iache itengeneze wakati wa mapumziko.

Sauti na mdomo vikianza pamoja halafu vikaachana kufikia dakika ya pili, sababu ni simu: hairekodi fremu 30 kamili kila sekunde, inapanda na kushuka kulingana na mwanga. Pitisha kipande kwanza kwenye HandBrake, chagua fremu zisizobadilika, 30. Kwa vipande vifupi vya sekunde 8 hutaliona tatizo hili, nayo ni sababu nyingine ya kurekodi vifupi.

Umeme: washa hifadhi ya kujiendesha, na kutoa video ya mwisho kufanyike kompyuta mbili mbili, si zote 10, kama mnatumia inveta ya sola. Mchakato huo unainyonya kompyuta kuliko kazi nyingine yoyote. MP4, H.264, 720p, Mbps 3 kwa picha na kbps 128 kwa sauti: dakika 3 zinatoka kama MB 70. Video 12 hazifiki GB 1.

Mzee_wa_Chaki

Nawasoma na ninatikisa kichwa. Yote sahihi, lakini mwalimu ndiyo kwanza anaanza. Kdenlive, fremu zisizobadilika, desibeli... vipindi viwili vya kuhariri vitaishia kwenye kutafuta panya iliyopotea.

Mradi wa kwanza usiwe na uhariri kabisa. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza, hariri ndani ya kamera. Simu nyingi za Android zina kitufe cha kusimamisha na kuendelea bila kufunga faili. Kikundi kinarekodi kwa mpangilio: kipande cha 1, simamisha, jipange, kipande cha 2, simamisha. Kibandani mtu akisema "oops" kwenye kipande cha 7, basi, limebaki. Utashangaa jinsi mazoezi ya kusema yanavyoongezeka wakijua hakuna kurudia. Kwa somo la lugha hayo ndiyo tunayoyataka.

Ya pili, picha mnato 12 na sauti moja. Picha 12 kwa sekunde 10 hadi 15 kila moja ni dakika 2 hadi 3. Kelele za kibanda zimekwisha zenyewe, faili zote hazifiki MB 60, na mwanafunzi analazimika kuchagua: kati ya kuvunja yai, kukoroga, kumimina, kulaza chapati juu, kugeuza, kukunja, ni zipi zinazostahili picha? Kikundi kitabishana kuhusu kugeuza, kwa sababu ndipo yai linaposhika chapati na picha moja haiwezi kulionyesha. Acha wabishane, ila kwa Kiswahili.

Maabara_ya_Chini

Mzee, kwenye picha mnato nakubali. Hariri ndani ya kamera naikubali nusu: faili moja la dakika 3 likiharibika, kikundi kimepoteza kila kitu. Vipande 20 vidogo havifi pamoja.

Mzee_wa_Chaki

Haya, mwalimu achague. Ila S2 wangu hawaharibu faili, huharibu panya.

Mwl_Mbale

Asanteni sana. Nimeamua: nusu ya kwanza ya muhula picha mnato na sauti, nusu ya pili video kwa vikundi vyote. Malewa nimeyapenda, sijui kwa nini sikuyafikiria. Yamebaki ya alama, ruhusa ya wazazi, na ile projekta.

Bi_Mwalimu_Arua

Alama. Zote ziwe 40. Mswada 10, na uzisahihishe kabla ya kurekodi, hazibadiliki baadaye hata video ikipendeza vipi. Lugha ya kusemwa 12, za mtu mmoja mmoja. Maelezo yaliyo sahihi na yanayofuatika 8: je, mtu asiyewahi kuona rolex angeweza kuipika baada ya kutazama? Picha na sauti 4 tu. Nimezifanya chache makusudi, la sivyo kikundi chenye simu nzuri kinashinda kabla ya kufungua mdomo. Sita zilizobaki ni za maswali ya ana kwa ana.

Hizo sita ndizo zinazowafichua wanaobebwa. Baada ya kutazama, muulize kila mmoja swali moja kuhusu kazi ya mwenzake, si yake. Mpiga picha mwulize: "Kwa nini mwandishi ameweka 'uyakoroge' na si 'koroga'?" Mhariri mwulize kwa nini kipande cha 4 kilirudiwa mara 3. Aliyekuwapo atajibu kwa sekunde 20. Na kila mwanafunzi asikike walau sekunde 20 kwenye video. Sita kwa sekunde 20 ni dakika 2, nafasi ipo.

Weka karatasi zote kwenye faili la darasa: mswada wa kwanza wenye mistari yako, wa pili, daftari la vipande. Kwenye mtaala huu ulioanza 2020 tathmini ya shuleni ina asilimia 20 ya matokeo ya S4 na mtihani wa UNEB (baraza la mitihani la taifa) 80, kwa hiyo watoto wazoee mapema kwamba kazi ya darasani huwekwa na ushahidi wake. Video bila karatasi haionyeshi nani alifanya nini.

Ruhusa. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na sura yake ni taarifa. Karatasi moja, maswali mawili tofauti: tunaruhusiwa kumrekodi kwa ajili ya darasa? Tunaruhusiwa kuionyesha nje ya shule? Wengi hukubali la kwanza na kukataa la pili. Aliyekatazwa yote hakosi mradi: anakuwa sauti, au mikono. Video ya rolex inahitaji mikono kuliko sura. Mama wa kibanda naye aombwe siku moja kabla, aulizwe saa ambayo wateja ni wachache, na watoto wasimame mita moja na nusu kutoka kwenye sigiri.

Sauti_Kwanza

Projekta: VGA inapeleka picha tu, haibebi sauti. Usiitafute sauti kwenye projekta. Chukua waya wa milimita 3.5 kutoka tundu la sikioni la kompyuta mpaka kwenye spika, na spika uiweke mbele ya darasa chini ya picha, si mezani kwako nyuma. Kama kompyuta ina HDMI pekee, nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA ambacho kina tundu la sauti pembeni. Vingine havina, angalia kabla ya kulipa.

Ukiwa na runinga yenye USB, afadhali hiyo kuliko projekta darasa likiwa na mwanga. Flashi iwe FAT32 na video ziwe MP4 za H.264. Runinga ikisema haitambui faili, ni H.265 imepenya mahali, au jina la faili lina alama za ajabu.

Mwl_Mbale

Runinga ipo kwenye chumba cha walimu. Nitaipima na flashi kesho kabla ya kengele ya kwanza.